King'ora cha Ukumbi wa Kufungasha

Ndugu, jamaa na majirani mliotushika mkono wiki hii, mimi ni dada wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, mhandisi, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Redio.

Kaka alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa kuchomea vyuma. Alisoma hapo jirani hadi sekondari, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha ufundi katika umeme wa viwandani, baada ya kurudia mwaka mmoja kwa sababu, kama alivyokiri mwenyewe, mpira ulimkaa kichwani kuliko hesabu.

Mwaka 1993 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, ambaye kaka alimpelekea suruali ileile kurekebishwa mara tatu, hadi akamwambia, "Kaka, kama shida si suruali, sema." Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya mwaka 2016. Zamani mashine ziliulizana moja kwa moja, kila moja na waya wake, moja ikikwama zote zinasubiri. Yeye akaweka kompyuta moja katikati, kila kipimo cha joto au cha gesi kikawa kinatangaza habari zake huko, na kila mtambo uliojiandikisha kupokea habari hiyo ukaipata papo hapo. Alisema ni kama redio, akalieleza jambo hilo hata kwenye harusi za watu, jina likamganda.

Mwezi Mei 2019 kipimo kimoja cha gesi kiliharibika, kikawa kinaliza king'ora cha ukumbi wa kufungasha bila sababu, wafanyakazi wakachoka, naye akakifutia king'ora hicho, kwa muda, usajili wake wa kupokea habari za gesi. Kipimo kilibadilishwa, usajili haukurudishwa. Tarehe 18 Juni bomba la amonia, ile gesi ya kupozea, lilipasuka, kipimo kipya kikatangaza ipasavyo, pampu zikajizima, chumba cha udhibiti kikapata habari, ila ukumbi wa kufungasha, uliojaa watu, ukabaki kimya. Kaka alijua palepale kosa liko wapi, akakimbilia ndani bila barakoa, akawatoa wote. Hakufa mtu, lakini mama mmoja mfungashaji alipoteza jicho, na mapafu ya kaka hayakupona tena.

Kiwanda kilitaka kumtuza kwa ushujaa. "Nitapokeaje," alimwambia meneja, "wakati mimi ndiye niliyewanyima king'ora?" Aliagiza sehemu hii isirukwe siku ya kumzika, nasi tumetii.

Alistaafu mwaka 2020, akawa mtu wa mtungi wa oksijeni. Yule mama alikuja kumjulia hali mara nyingi, na kila mara kaka alijifungia chumbani, wifi akabaki mlangoni akitafuta visingizio, miaka ikapotea hivyo. Mwezi huu, kwa kubembelezwa na binti yake mkubwa, kaka alikubali kumwona. "Mhandisi, mimi nilishakusamehe kitambo," yule mama alimwambia, "nilikuwa nakuja tupige soga tu." Walikaa mpaka chai ikapoa, kaka akacheka kicheko tulichokuwa tumekisahau, wakaagana aje tena Jumamosi. Kaka alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, na mama huyo alipofika kesho yake alitukuta tunapanga viti vya msiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliobeba mitungi ngazi hadi ngazi, wafanyakazi wenzake, na mama yetu mfungashaji, aliyeketi hapo pembeni ya wifi.

Kaka, nenda ukapumzike, hakuna mwenye kinyongo nawe.