Mama Ngazi na Majalada Arobaini na Moja

Baada ya kuitumikia Ofisi ya Ustawi wa Jamii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili, mwenzetu Mama Ngazi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri. Saa tumeitaja kwa makusudi. Wanaomfahamu wanajua kwamba saa tisa na dakika ishirini bado atakuwa anamhudumia mtu, na atakayethubutu kumwambia abebe mkoba waende ukumbini atapewa jibu la kumtosha. Kwa hiyo kamati ya sherehe imeamua kumletea keki na soda palepale mezani kwake.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, msichana mwembamba (neno hilo amelisisitiza mwenyewe) aliyekuja na barua ya ajira, kalamu mbili na mwavuli. Mwaka wake wa kwanza haujaisha, aliombwa kushika dawati la watafuta kazi kwa wiki moja tu, maana mwenye dawati alikuwa anaumwa. Wiki hiyo ilidumu miaka sita. Kazi ilikuwa kuwaandikisha wasio na ajira na kuwaelekeza kwenye nafasi, lakini yeye akajiongezea nyingine ya kuwafundisha kuandika barua za maombi. Barua zinazoanza na misiba ya ukoo alizipiga marufuku. Mwajiri, aliwaambia, anatafuta mtu wa kazi, hatafuti mtu wa kumlilia. Basi kila mmoja akafundishwa sentensi ileile, kwamba ana nidhamu, haogopi kazi na anaamka mapema. Haukupita mwezi, meneja wa kiwanda cha sabuni akapiga simu kuuliza ni nani hasa huyu king'ang'anizi aliyeomba kazi mara kumi na nane. Kumi na mmoja kati ya hao kumi na wanane waliajiriwa, na Mama Ngazi hadi leo haoni cha kuchekesha hapo.

Kutoka hapo alipandishwa kwenda dawati la watu wenye ulemavu na wazee. Na alipandishwa kweli, maana dawati hilo lilikuwa ghorofa ya pili. Wageni wanaoiona ofisi yetu leo hawawezi kuamini jinsi tulivyokuwa tumejipanga. Majalada yalikaa chini, watu wakapanda juu. Mhandisi mmoja alikuwa ameonya kwamba sakafu ya ghorofani haitahimili uzito wa karatasi, ndipo masjala ikapewa vyumba vyote vya chini. Mtu mwenye magongo alipaswa kupanda vidato thelathini na nane, hakuna lifti, na pa kujishikia ni upande mmoja tu. Sisi tulipanda na kushuka kila siku na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Mazoea yana taabu.

Utaratibu nao ulikuwa hivi. Jina la mwombaji liliitwa mara tatu kutoka mlango wa juu. Asipoitika, afisa aliandika "Hakufika", akagonga mhuri, na jalada likafungwa. Aliyefungiwa alipaswa kuanza upya, na daktari upya, na kungoja mwaka mwingine. Wengi hawakurudi.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, Jumatano moja asubuhi, Mama Ngazi aliita jina la fundi cherehani mmoja, mara tatu, kwa ile sauti yake ambayo haijawahi kulalamikiwa kwa udogo. Kimya. Akaandika "Hakufika", akagonga mhuri, akashuka kwenda kunywa chai. Kwenye kidato cha chini kabisa akamkuta mwanamke ameketi, magongo ameyaegemeza ukutani, naye akamuuliza kwa adabu kama majina yameshamfikia. Alikuwa hapo tangu saa moja. Alikuwa ameitika mara zote tatu. Lakini huku chini mashine tatu za chapa zilikuwa zinagongwa kwa pamoja, na sisi makarani tulikuwa tunabishana kuhusu mpira.

Chai haikunyweka siku hiyo. Mama Ngazi alirudi juu, akashuka na rejesta kwapani na mhuri mkononi, akaketi ngazini kando ya yule mama na kumhudumia palepale. Jalada lilifunguliwa kabla wino wa kulifungia haujakauka vizuri. Fundi huyo leo ana chumba chake cha ushonaji na wanafunzi wanne, na gauni mtakaloliona kwenye sherehe amelishona yeye. Ameonya kwamba mtu asilimwagie soda.

Sasa, kanuni ilikuwa wazi kwamba mhuri haushuki ghorofani. Na masjala ilikuwa na karani mmoja kijana, mpenda kanuni kuliko mwenye kuzitunga, aliyeona yote hayo na kwenda kumchongea kwa mkuu wa ofisi hata saa sita haijafika. Karani huyo ndiye anayeandika maneno haya. Naona aibu hadi leo, na kazi hii ya kuandika niliiomba mwenyewe ili niliseme jambo hili mbele ya watu.

Mama Ngazi akapewa siku saba ajieleze kwa maandishi. Tulitegemea atajitetea. Wapi! Alichofanya ni kupekua majalada yote aliyoyafunga kwa miaka mitano ya dawati lile, akayatoa ya watu wasioweza kupanda ngazi: waliopooza, waliokatwa miguu, wasioona, vikongwe. Yalikuwa arobaini na moja, na kila moja lilikuwa na neno "Hakufika" kwa mwandiko wake. Barua yake ilikuwa na aya mbili. Katika ya kwanza alikubali kosa la kushusha mhuri. Katika ya pili alisema kosa kubwa zaidi ni hayo arobaini na moja, kwamba hajui ni wangapi waliokuwa chini wakimsikia anawaita, na kwamba anaomba ruhusa ya kuwatafuta mmoja mmoja, kwa sababu hayuko tayari kustaafu akiwa amemwacha hata mmoja nje.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa sheria, ila roho yake haikuwa mbaya. Sheria, alisema, hairuhusu jalada lililofungwa kufunguliwa mpaka afisa amwone mwenyewe kwa macho. Awatafute, lakini kwa muda wake. Na kwa kosa la mhuri, cheo chake kilichokuwa njiani kikasimamishwa miaka mitatu, na yeye akahamishiwa masjala, chini, pamoja nasi. Ukimpiga chura teke, unamwongezea mwendo! Siku ya kwanza ya adhabu yake aliburuta meza hadi mlangoni na kuanza kuwahudumia wote walioshindwa kupanda. Jina la Mama Ngazi lilianza hapo, kwa utani wetu, nalo likaganda. Mkuu alijifanya haoni kwa miezi minne. Mwezi wa tano alimshushia mhuri kwa mkono wake.

Jumamosi zikawa za kutafuta watu. Mumewe, fundi wa redio na mtu wa maneno machache, alimbeba kwenye pikipiki yake, na hujisifu kwamba alioa mke mmoja akapata wakwe arobaini na mmoja. Anwani za majalada yale zilikuwa za kumtia mtu wazimu. Nyingine ziliandikwa "Nyuma ya ghala, ulizia kwa fundi viatu." Fundi viatu alikuwa ameshahama, na ghala limegeuka benki. Hata hivyo mwaka wa kwanza aliwapata kumi na tisa, na wote majalada yao yalifunguliwa. Miaka iliyofuata waliongezeka mmoja mmoja, wengine kutoka mbali. Saba aliwakuta wameshafariki. Kwa hao alikwenda kwa familia, akaeleza kosa lake na kuomba radhi. Nyumba moja alifukuzwa na mtoto wa marehemu, akaondoka, na hajawahi kumlaumu.

Kazi nyingine hazikumsubiri. Aliandika maombi ya kubadilisha ghorofa mara sita, kwa wakuu watatu, mpaka akaletwa mhandisi wa pili, ambaye alipima na kusema sakafu ingeweza kubeba majalada siku zote. Watu wakashuka, majalada yakapanda, na sisi wa masjala pamoja nayo. Goti langu la kulia linaujua uamuzi huo vizuri sana, na Mama Ngazi kila asubuhi huniuliza hali yake kwa upole unaotia shaka. Njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu ni kazi yake. Utaratibu wa afisa kutoka kwenye kiti na kwenda kuita majina kwenye mabenchi ni wake pia. Akiwa na miaka arobaini na saba alijifunza lugha ya alama, na mwalimu wake, seremala kiziwi, anasema mikono yake nayo ina kelele.

Si malaika, jamani, tusije tukamtia aibu kwa sifa. Yeye na kompyuta hawajapatana mpaka leo, kila mmoja anamsubiri mwenzake aombe msamaha. Funguo za kabati amezipoteza mara zisizo na idadi, kila mara anatushuku sote kwa mpangilio wa umri, na kila mara zinakutwa mkobani mwake.

Mwaka huu ulipoanza, alibaki mmoja: mpagazi wa sokoni aliyekatwa mguu baada ya kuangukiwa na magunia. Alikuwa amemtafuta hospitali, sokoni, kwenye vijiwe vya wapagazi. Vijana wa sasa hawakumjua. Tulimshauri aliache, kwani arobaini kati ya arobaini na moja si haba, hakuna ambaye angemlaumu. Alitujibu kwamba hao arobaini sio wanaongoja, anayengoja ni huyo mmoja, akatupa mgongo siku nzima.

Mwezi uliopita tulikuwa tunaandikisha wazee wa zaidi ya miaka sabini, nyumba kwa nyumba, mimi na yeye. Kwenye nyumba moja ya vyumba viwili, mjukuu wa kike, muuza mboga, alitueleza kwamba babu yumo ndani lakini haandikishwi ng'o, tusimsumbue. Aliwahi kwenda serikalini akaandikiwa kwamba hakufika, na tangu hapo aliapa. Mama Ngazi aliniachia mkoba na fomu zote, akaingia.

Alikaa na mzee yule saa mbili. Alimweleza kwamba sauti iliyomwita siku ile ilikuwa yake, na mkono ulioandika ulikuwa wake. Mzee alikumbuka kila kitu. Mpagazi mwenzake alimbeba mgongoni hadi chini ya ngazi, akawahi mizigo yake. Yeye alisikia jina lake, akaitika kwamba yupo, mara tatu, ya mwisho kwa kupiga kelele kabisa, hadi makarani wakamwambia apunguze sauti, hapa ni ofisini. Makarani hao ni sisi. Huenda ni mimi. Sikumbuki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mzee alisema miaka yote alijua serikali imemfuta makusudi, kumbe ni kelele tu. Kisha akakubali kuandikishwa.

Jalada lake lilifunguliwa Jumanne iliyopita. Afisa anatakiwa kujaza sababu ya kulifungua, na watu hujaza ukurasa mzima. Mama Ngazi aliandika: "Alifika. Aliitika. Hatukumsikia." Akagonga mhuri, akaweka kalamu chini, akalia mbele yetu sote, nasi tukamwacha alie.

Mama Ngazi, umetutia fahari kufanya kazi katika ofisi hii, na wengine umetufanya tustahili kuifanya. Asante. Asante pia kwa kukaa miaka ishirini na miwili na aliyekuchongea bila kumsuta hata siku moja. Nenda nyumbani, Jumamosi zote sasa ni za mumeo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na kicheko kisichokauka. Kuanzia Jumatatu kazi ya kuita majina ni yangu. Asiyeitika, nitamfuata.