Mwalimu Sabiri Mbarouk, Aliyejifunza Gitaa Mara Mbili

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Sabiri Mbarouk anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha gitaa katika Kituo chetu cha Sanaa hapa Pongwe. Wengi wetu tulimkuta; wengine, nikiwamo mimi, tulikuwa wanafunzi wake kwanza. Ukichelewa darasani, yeye ndiye aliyekuamkia shikamoo, kisha akauliza kama umelala salama. Hukurudia tena.

Mwaka 2012 pikipiki ilimgonga akitoka Pangani. Jeraha lilipopona, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikataa kukunjika. Hakuweza tena kubonyeza nyuzi. "Nipelekeni stoo nikagawe spika," alituambia. Uongozi ulikubali.

Aliyekataa ni mkewe, Bi Mwatum. Alikuwa amemwona kwenye televisheni mtu aliyepiga gitaa kwa kutelezesha glasi juu ya nyuzi bila kuzibonyeza. Akaosha kichupa cha marashi kilichokwisha, akamkabidhi mumewe. Mwalimu akalilaza gitaa mapajani, akakishika kichupa kwa gumba na kidole cha shahada, akaanza upya kama mtoto: do, re, mi.

Haikuwa rahisi. Kichupa kikisogea unywele mmoja tu, sauti inakwenda kombo. Bi Mwatum, aliyekulia kwenye kasida, alisikiliza kutoka jikoni huku akikuna nazi.

"Bado. Panda kidogo. Hapo! Usitoke hapo."

Hiyo "mi" ilimtesa hadi jirani akaja kuuliza paka wao ana nini. Lakini ikafika siku aliyoipanda skeli nzima na kuishuka, na jikoni kukawa kimya. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama mlangoni analia. Naye akalia.

Alirudi darasani akawaambia wanafunzi, "Mimi na nyinyi sasa tuko darasa moja." Stoo hakwenda tena.

Baadaye akaja Hafsa Suleimani, fundi cherehani wa Ushongo, aliyezaliwa na vidole viwili tu mkono wa kushoto. Kwingine walishamwambia gitaa si lake. Mwalimu aliutazama mkono ule, akavuta kiti. "Vinatosha, mwanangu. Kaa." Alimfundisha skeli ile ile, kwa subira ile ile aliyofundishwa yeye. Jumatatu ijayo Hafsa ndiye anayelipokea darasa.

Mwalimu, ahsante kwa kuturudia ulipokuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani. Bi Mwatum, ahsante kwa sikio lako; nusu ya wapiga gitaa wa kituo hiki ni wanafunzi wako bila wewe kujua. Mnakwenda Mkwaja, shambani kwenu. Mola awape afya, mvua ya kutosha na wageni wasiokwisha. Wa kwanza kubisha hodi tutakuwa sisi.