Siku Tisa za Mrefu

Benchi letu lina miguu minne, mmoja ni tofali. Liko konani, kati ya kinyozi na banda langu la kushona viatu, na jiko la Mama Kahawa liko hatua mbili tu. Alasiri ile ya Alhamisi tulikuwepo mimi, Wembe kinyozi, asiye na mteja wala wasiwasi, na Profesa, karani mstaafu ambaye husoma hata karatasi iliyofungiwa sabuni. Ndipo akavuka barabara Spoki, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, barua kaishika kwa ncha za vidole asiichafue.

— Nisomeeni, akasema. Nimeisoma mara mbili, naona macho yananidanganya.

Profesa akavaa miwani. Barua ilitoka shuleni. Binti yake Spoki, yule wa miaka kumi na tano tunayemwita Mrefu, hajaonekana darasani siku tisa. Mzazi asipofika Jumatatu, jina litafutwa.

— Siku tisa! Na kila asubuhi anatoka na sare imepigwa pasi!

— Umemuuliza? akasema Mama Kahawa.

— Nimefoka. Kanyamaza. Nikafoka zaidi, kajifungia chumbani.

Spoki akaketi, benchi likalia. Anamlea peke yake tangu mama yake binti afariki mwaka juzi. Mwaka ule wa ugonjwa Mrefu alirudia darasa, na sasa anawapita wenzake kwa kichwa kizima.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Profesa akaanza. Wewe umemlea karibu na pampu. Unashangaa nini akirefuka akakushinda?

— Tatizo si urefu, ni simu, Wembe akadakia. Mionzi inapita kwenye nywele. Nipe dakika kumi nimnyoe kipara, akili ipate hewa.

— Hana simu, Spoki akasema.

— Basi ya jirani! Mionzi haina ukuta.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Profesa, kwa hiyo mpeleke kwa shangazi yake leo hii, kabla jua halijazama. Si anafuga nyuki? Umewahi kuona nyuki mtoro?

— Achapwe tu, nikasema mimi, na hadi leo naona haya kuliandika hilo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyo samaki ana futi sita, Mama Kahawa akanijibu. Utamkunjia wapi?

Tukacheka. Spoki hakucheka. Wembe alikuwa ameshaanza kulaumu kitanda kinachotazama upande mbaya na maji ya bomba yanayolegeza kumbukumbu, tuliposikia sauti nyuma yetu.

— Samahanini, wazee wangu.

Alikuwa fundi vioo, mwanamke mgeni mtaani kwetu, aliyeitwa kupima dirisha la Wembe lililopasuka. Futi ilikuwa bado imenyooshwa mkononi.

— Nimesikia yote asiyoyafanya huyo binti. Anaweza nini?

Wembe akakagua kitana. Profesa akafuta miwani iliyokuwa safi. Mimi nimeshona viatu vya mtoto yule tangu vinaenea kiganjani, najua unyayo upi huisha kwanza. Nikatafuta jibu kichwani, nikakuta soli tu.

— Anaweza... Spoki akasema. Anaweza...

Yule mama akarudi kupima dirisha. Spoki akaacha kikombe kimejaa, akavuka barabara hadi chumbani kwa Mrefu, mlango unaotazama kona yetu. Hakupiga mlango kwa ngumi kama alivyozoea. Aliketi chini kizingitini, tukamwona anaongea na mbao. Baadaye mlango ukafunguliwa kidogo.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini taya limekaza.

— Alikuwa nyuma ya ghala la mbao, akasema. Siku zote tisa. Anawafundisha watoto wa mlinzi wa hapo hesabu, kwa vizibo vya soda. Yule mdogo, aliyeambiwa hafundishiki, sasa anatoa na kujumlisha.

— Na shule? Mama Kahawa akauliza.

— Aliambiwa asome kwa sauti mbele ya darasa. Herufi zinamruka. Wakamcheka, wakamwita nguzo ya umeme. Anasema, "Baba, hesabu naziona, maneno yananikimbia. Na nyumbani nikisema, utafoka."

Profesa ndiye aliyeanza, na kwa mara ya kwanza bila methali.

— Mimi nina magazeti na muda. Kila siku saa kumi. Tutasoma polepole, na nitakayemsikia anacheka atanijua.

— Watoto na vizibo vyao waje kwenye kibaraza changu, akasema Wembe. Huko ghalani mbao zitawaangukia.

— Mimi nitaongea naye mambo ya wasichana, akasema Mama Kahawa. Wewe Spoki huyawezi, usijidanganye.

— Siyawezi, Spoki akakubali. Ila kufoka nimeacha. Nikisahau, nikumbusheni.

Jumatatu asubuhi kona yetu ilifungwa. Tuliingia ofisi ya mwalimu mkuu watu sita, Mrefu akiwemo, mahali penye viti viwili. Spoki alieleza bila kuficha, tangu herufi zinazoruka hadi vicheko. Mrefu akaulizwa kama anataka kurudi. Akasema ndiyo, lakini asisomeshwe mbele ya watu mpaka awe tayari, na apewe nafasi ya kuwasaidia wadogo hesabu. Sauti ilitetemeka, ila aliimaliza sentensi. Mwalimu mkuu akakubali yote mawili, akavuta fomu.

— Mlezi wa kuitwa kukiwa na jambo, ni nani?

Spoki akafungua kinywa, akatutazama. Profesa akakohoa. Wembe akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mama Kahawa.

— Andika wote, mwalimu, akasema Mrefu. Nafasi ikiisha, geuza karatasi.