Shuka Kwanza: Dereva Aliyeutembea Mlima

Marehemu baba mdogo, ambaye wengi mlimjua kama Shuka Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, mtoto wa tatu kati ya sita. Shule aliishia darasa la saba. Alisema hesabu zilimshinda ubaoni, zikamkubali barabarani.

Mwaka 1979 aliajiriwa kupeleka mafuta kwenye mnara wa redio kileleni, kule ambako mawingu yanapita chini ya miguu yako. Akaipanda njia ile miaka thelathini na moja. Upande huu mwamba, upande ule hakuna kitu. Kila penye ubaya alizima gari, akashuka, akatembea mpaka mwisho, kisha akarudi akipanga mawe meupe pale tairi la nje litakapokanyaga.

Mwaka 1984 alimuoa mama mdogo, fundi cherehani. Siku ya posa alichelewa saa mbili nzima.

"Mwanangu, hata kwa miguu ungeshafika," mama mkwe akamwambia.

"Kwa miguu nilishafika, mama. Nikarudi kuchukua gari."

Tarehe 22 Aprili 1993 fundi wa mnara aliangukiwa na chuma, mguu ukasagika. Mvua ya siku tatu ilikuwa imeimega njia. Marehemu akampakia, wakashuka naye mpaka kwenye mmeguko, akazima gari.

"Kaka, mimi nakufa, wewe unaenda matembezi?"

"Tukianguka tunakufa wawili. Nisubiri."

Akatembea dakika ishirini ndani ya ukungu. Aliporudi, akapita polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni, nusu ya tairi juu ya jiwe, nusu juu ya hewa. Ukungu ukafunguka kidogo. Fundi anasema alichungulia dirishani, akaona mgongo wa tai, anaruka chini yao. Mguu ulibaki na kilema. Roho ilibaki nzima.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na yule fundi, ambaye kwetu ni ndugu.

Leo asubuhi, gari la jeneza lilipofika chini ya kilima hiki, fundi alilisimamisha. "Shukeni kwanza," akasema. Akapanda peke yake na fimbo yake, akichechemea, akiweka mawe meupe mpaka hapa kaburini. Hakuna aliyemharakisha.

Baba mdogo, njia imeshatembewa. Pita taratibu, upumzike kwa amani.