Magoti ya Mwalimu Vahwere

Ndugu na marafiki, muwaze kidogo mwalimu Jean-Claude Vahwere anaingia mu darasa: chaki imejaa mifukoni, sauti imemtangulia. "Batoto, leo mutaona maajabu!" Hata kama somo lilikuwa la minyoo tu.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1961, akasoma huko, kisha akapata graduat, ile diploma ya miaka tatu, ya biolojia hapa Bunia mwaka 1985. Alifundisha kule kijijini Kilo, halafu Bunia, mpaka 2021. Tarehe 9 Julai 1988 alimuoa mama Angèle, ambaye alikubali hata baada ya kuelezwa moyo wa chura siku nzima ya posa!

Mwaka 2018 magoti yake yalivimba, yakawaka moto. Ilikuwa juma lile lile ambalo Hortense, muke wa mudogo wake Mbusa, alimuletea sombe, majani ya muhogo ya kupika. Basi familia ikasema: sumu. Dada yake Véronique alikuja kutoka Butembo, akapiga meza. "Kaka, weye unakufa na ungali unamutetea Hortense?"

Marehemu alichangamka kama yuko mbele ya darasa. "Dada, sikia, hii ni muzuri sana! Mu magoti iko tishu inaunganisha mwili, sawa lupango, ukuta wa kuzunguka nyumba. Ikiwa nzima, askari wa damu wanapita kimya. Molekuli zake zikikatika vipande, askari anagusa kipande, anazani microbe, kadudu ka ugonjwa, imeingia kama mwizi. Anapiga filimbi! Quartier yote, mtaa muzima, inatoka na fimbo, wanakanyaga lupango, vipande vinaongezeka, filimbi inazidi. Ndiyo ile moto yangu!"

"Na mwizi iko wapi?"

"Mwizi hakuna, dada! Wako wanabomoa kwao wenyewe!"

Véronique alicheka, lakini mukono wa Hortense, aliyekuwa amekaa palepale, hakuushika.

Dawa zilimurudishia mwalimu hatua zake kwa miaka. Halafu moyo ulichoka. Alitutoka Jumapili tarehe 2 Februari 2025, mama Angèle akiwa kando. Asubuhi ile alisema: "Hakuniua mutu. Musizike Hortense pamoja na mimi."

Ameacha mujane Angèle, watoto Patience, Destin na Gentille, wajukuu, dada Véronique, mudogo wake Mbusa, na Hortense. Mungu amulaze katika amani ile aliyoiombea nyumba yake.

Hortense amesimama kule nyuma, peke yake, kando ya njia. Sasa tunapokaribia kutupa udongo, ni nani kati yetu ataenda kumushika mukono?