Wilfred Hollinskew na Jina Lisilojulikana Lilikotoka

Marehemu Wilfred Hollinskew alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika bonde la Wear, kaskazini mwa Uingereza, mtoto pekee wa wafugaji kondoo. Alisoma Stanhope, ambako mwalimu alimuuliza jina lake limetoka wapi. Alipomuuliza baba yake jioni, alijibiwa, "Limetoka kwa babu yako. Kalishe kondoo."

Alisambaza barua za posta tangu 1959 hadi 2001, na katika barua zote hizo hakukuta hata moja ya Hollinskew mwingine. Mwaka 1986 akawapata watatu katika vitabu vya simu: Muriel wa Norfolk, Clement wa Bristol na Dorcas wa Leeds. Basi kila Agosti walikusanyika kwake, wakala pai ya nguruwe na kugombana. Muriel alishikilia kuwa jina lilikuja na mabaharia wa Denmark. Wilfred alisema ni la mteremko fulani wenye miti, ingawa mteremko wenyewe hakuwahi kuuona. Clement naye akadai babu yao alikuwa askari Mfaransa mwenye farasi.

"Farasi gani, Clement? Kwetu hata baiskeli ilikuwa ya kuazima!" Wilfred alimcheka.

Hakuoa. Alisema hawezi kumpa mwanamke jina asilolielewa mwenyewe. Dorcas alimwambia huo ni woga tu, na kweli ulikuwa woga.

Mwaka 2019 wote wanne walipima vinasaba. Loo! Hakukuwa na hata wawili wenye damu moja. Maskini Wilfred alichanganyikiwa kabisa: jina moja, adimu vile, limewezaje kuwa na asili nne? Agosti ile hakuita mtu.

"Miaka yote hii nawaita ndugu," alimwambia Muriel kwenye simu, "kumbe wapita njia."

Januari 2023 moyo ulimzidi, akalazwa Durham. Muuguzi alimuuliza ndugu yake wa karibu ni nani. Akasema hana, na neno hilo likamuuma kuliko moyo wenyewe. Muriel alikuwa ndiyo kwanza anaingia na pai yake.

"Huna nani? Nimepanda treni tatu, eti huna?"

"Lakini Muriel, vile vipimo..."

"Vipimo vilikuletea chakula lini? Hebu sogea nikae."

Wilfred akalia, kisha akala. Alifariki tarehe 2 Februari, bado hajui jina lake limetoka wapi, na hakuna anayejua.

Hakuacha mke wala mtoto. Asubuhi hii, kwenye mazishi yake, kasisi aliuliza viti vya mbele, vile vya familia, vitakaliwa na nani. Muriel, Clement na Dorcas walikwenda wakakaa.

Mungu amlaze pema Wilfred, ndugu yao.