Mlango wa Jikoni wa Bi Ozella

Kama kuna chungu jikoni, punguza moto, kisha usogee karibu na redio. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Ozella Gadsden wa hapa Kisiwa cha Tillery, Karolina Kusini. Bi Ozella Gadsden, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka themanini na minane.

Nitasema wazi, maana hata jamaa zake wanasema: Bi Ozella alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mtu mmoja tu, mdogo wake, Marvelle. Hawakugombea mume wala nyumba. Waligombea bibi yao, Binah, aliyekufa wao wakiwa wasichana wadogo.

Bibi Binah alizaliwa mtumwa katika mashamba ya mpunga. Uhuru ulipokuja, akanunua shamba. Wazungu wakaja na farasi wamtoe. Akaingia kinamasini, maji yakamfika shingoni, akasimama humo mpaka wakachoka kumtafuta. Kisha akarudi kwake, akawasha moto, akapika wali. Shamba hilo bado ni la familia mpaka leo.

Basi bibi huyo, baada ya kufa, akawa anamtembelea Marvelle. Akiondoka anaacha nyayo mbichi sakafuni, zinanuka tope la kinamasi. Kanisa zima lilikwenda kuziona. Ozella alikwenda mara moja, na tambara la kudekia mkononi.

"Bomba lako linavuja," akamwambia mdogo wake.

"Bomba lina vidole, dada?"

"Usinichekeshe!"

Kilichomuuma Ozella ni hiki. Marvelle aliondoka, akakaa Filadelfia miaka mingi, akarudi na makofia ya kanisani. Ozella ndiye aliyebaki. Ozella ndiye aliyelima, akawatimua kwa ufagio madalali waliolitaka shamba kwa viwanja vya gofu. "Shamba nimelinda mimi," alikuwa akimwambia mjukuu wake, Lorraine, "halafu anayetembelewa ni yeye! Huyo bibi ana macho kweli?"

Sasa sikilizeni. Bi Ozella alikuwa msafi. Kila masika alipaka milango na madirisha yote rangi ya buluu, kama mama yake alivyomfundisha, ili wafu wasivuke. Mama yao aliwahofia wale wapanda farasi. Nao wamekufa, nao huenda wanatembea. Marvelle ni mvivu. Rangi ya kwake ilibanduka, akaiacha hivyo hivyo.

Mwaka jana dada hao walikaa barazani kwa Ozella wakimenya kamba. Marvelle akasema, "Bibi amechoka kusimama nje ya mlango wako."

"Mwongo wewe."

"Anauliza amekukosea nini hata ukamfungia."

Lorraine alikuwepo. Anasema Bi Ozella aligeuka, akautazama mlango wake wa buluu, kisha kizingiti. Hapo kizingitini palikuwa na maji kila asubuhi. Miaka yote hiyo aliyafuta huku akililaumu paa.

Alichukua kikwangulio, kisha akasita. Bibi ataingia, sawa. Na wapanda farasi je? Siku nzima alizunguka na woga huo. Mwishowe akaenda nyuma ya nyumba, akakwangua mlango mmoja tu, wa jikoni.

"Kwa nini huu?" Lorraine akauliza.

"Bibi yangu anaijua njia ya jikoni. Wale mabwana walizoea mlango wa mbele."

Jumanne Lorraine alimkuta Bi Ozella jikoni, kitini kwake, ametulia kabisa. Nyayo mbichi zilitoka mlangoni mpaka mezani. Kiti cha pili kilikuwa kimevutwa, kimeloa. Mezani sahani mbili za wali, zote tupu.

Marvelle akaitwa. Akatazama sahani. Akatazama kiti. Akashika kiuno, machozi yanamtoka.

"Kwangu hajawahi kukaa," akasema. "Hata siku moja! Na amekula?"

Tunawapa pole Bi Marvelle, Lorraine na ukoo wote wa Gadsden. Mungu awatie nguvu. Nawe, msikilizaji mpendwa, kabla hujamnunia ndugu yako kwa mgeni aliyempata, nenda kwanza ukautazame mlango wako.

Bi Marvelle amekiomba kile kiti. Lorraine amekataa. Anasema bado hakijakauka.